Mguu Uliokatwa Bado Unawasha: Tatizo la Mwili na Nafsi

Katika mtaa wetu wa Katuba, hapa Lubumbashi, yuko mzee mmoja aliyekatwa mguu wa kushoto chini ya goti kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Jioni anapoketi kwenye kiti chake mbele ya nyumba, mara nyingine mkono wake hushuka wenyewe kutafuta kisigino ambacho hakipo, ukapapasa hewa, kisha ukarudi juu ya paja. Siku moja nilimwuliza kwa heshima ni nini kinachomsumbua, naye akanijibu bila kusita: "Mwanangu, kisigino kinaniwasha, na hakuna mahali pa kukikuna." Mzee huyu ana akili timamu. Anajua vizuri kwamba mguu wake ulibaki hospitali, wala hadai kwamba upo. Anachosema ni kwamba anausikia.

Hali hiyo si ngeni kwa waganga wala kwa wanafalsafa. Mwaka 1644 Mfaransa René Descartes aliandika habari za msichana aliyekuwa na kidonda kibaya mkononi, ambaye alizoea kufunikwa macho kila mpasuaji alipokuja kumhudumia. Kidonda kilipooza, mkono ulikatwa hadi kiwiko na mahali pake pakawekwa vitambaa, naye msichana, ambaye hakuambiwa lolote, akaendelea kulalamika kwamba anaumwa mara kidole hiki, mara kile. Zaidi ya miaka 200 baadaye, Silas Weir Mitchell, daktari wa Marekani aliyewatibu askari waliojeruhiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, aliipa hali hiyo jina la kiungo cha mzuka. Siku hizi tunajua sehemu kubwa ya sababu yake: ubongo una ramani ya mwili mzima, kila kiungo kina eneo lake katika ramani hiyo, na kiungo kikiondolewa eneo lake halifutiki pamoja nacho. Kwa hiyo kisigino cha jirani yangu kimekwenda, lakini mahali pa kisigino ndani ya kichwa chake bado pana kazi.

Maelezo hayo ni ya kweli, nami nayakubali. Hata hivyo yanaacha kitu nje, na kitu hicho ndicho ninachotaka kukitafuta katika makala haya, kwa sababu ninaamini kwamba wengi wetu tuliosoma falsafa kwa Kifaransa tulikipita bila kukiona.

Nimefundisha falsafa katika darasa la mwisho la sekondari kwa miaka kadhaa. Kila mwaka tunapofika kwenye somo la mwili na kile ambacho Kifaransa hukiita esprit, huwa najaribu kulieleza somo kwa Kiswahili, na kila mwaka yuko mwanafunzi anayenikatiza: "Mwalimu, esprit ni akili, ao ni roho?" Zamani nilikuwa nikijibu haraka kwamba ni vyote viwili, kisha naendelea. Nilikosea. Swali la mwanafunzi lilikuwa kubwa kuliko jibu langu, kwa maana lilionyesha kwamba neno moja la Kifaransa linabeba mizigo mitano au sita ambayo lugha yetu huibeba mmoja mmoja.

Akili ni uwezo wa kufikiri, kupima na kukumbuka. Mtoto huipata kidogo kidogo, na mtu huweza kuwa nayo nyingi katika biashara na chache katika ndoa. Fahamu ni ile hali ya kuwa macho, ambayo aliyezimia huipoteza. Nafsi ni mtu mwenyewe, yule anayesema "mimi" leo na aliyesema "mimi" alipokuwa mtoto. Roho ndiyo inayomtoka anayekufa, na ndiyo sababu tunasema amekata roho. Kanisani na msikitini ndiyo inayoombewa. Moyo unapiga kifuani, na papo hapo ndio unaoogopa, unaopenda na unaokata tamaa, bila lugha kuona haja ya kutenganisha nyama na hofu. Maneno manne ya kwanza tuliyapokea kutoka Kiarabu, na moyo ni neno letu la Kibantu, lakini leo yote ni mali ya mtu yeyote anayezungumza Kiswahili.

Juu ya hayo yote kuna kitenzi kimoja ambacho watu wa Katanga hukitumia kuanzia asubuhi hadi usiku: kusikia. Nasikia njaa, nasikia baridi, nasikia harufu ya moshi, nasikia maumivu, nasikia huruma. Watu wa pwani mara nyingi husema wanaona njaa na wanaona baridi, sisi tunasikia; maana ni ileile. Kitenzi hicho hakitaji sehemu yoyote ya mtu. Kinataja tukio: jambo limemfikia mtu, na kwake yeye limekuwa na ladha fulani ambayo mwingine hawezi kuionja badala yake. Rai yangu ni kwamba tatizo la mwili na nafsi, likipembuliwa vizuri, halikai kwenye akili wala kwenye roho. Linakaa kwenye kusikia.

Tuanze na Descartes, kwa kuwa yeye ndiye aliyelipa tatizo hili umbo ambalo bado tunalo. Katika tafakuri alizozichapisha mwaka 1641 aliutenga ulimwengu katika aina mbili za vitu. Mwili ni kitu kinachochukua nafasi: una urefu, upana na kina, hugawanyika, na huenda kwa sheria kama mashine. Nafsi ni kitu kinachofikiri: haina urefu, haigawanyiki, haiko kushoto wala kulia. Mtu ni muungano wa viwili hivyo. Waumini wengi wa mji wetu wangeitikia jambo hilo kwa urahisi, kwa sababu linafanana na mafundisho waliyokua nayo.

Aliyeona ufa wa kwanza alikuwa mwanamke mwenye umri wa miaka 24. Mwezi wa Mei mwaka 1643 Elisabeth, binti wa mfalme wa Bohemia aliyekuwa uhamishoni Uholanzi, alimwandikia Descartes barua ya adabu yenye swali moja. Kitu husukumwa na kitu kingine kinachokigusa, na ili kugusa ni lazima kiwe na uso, nao uso ni wa kitu chenye kuchukua nafasi. Basi nafsi, isiyo na uso wala nafasi, inausukumaje mkono? Sijui swali jingine katika falsafa lililoulizwa kwa maneno machache hivyo na likadumu kwa muda mrefu hivyo. Descartes alijibu, akajibu tena, na katika barua ya Juni mwaka uleule alikiri jambo ambalo kwangu ni la thamani kubwa: kwamba muungano wa nafsi na mwili hujulikana zaidi kwa maisha ya kila siku na mazungumzo ya kawaida kuliko kwa kutafakari. Elisabeth hakuridhika. Alikuwa amekwisha kumwambia kwamba kwake ni rahisi zaidi kukubali nafsi iwe na maada kuliko kukubali kitu kisicho na maada kiweze kuusogeza mwili. Baadaye Descartes alitaja tezi ndogo iliyo katikati ya ubongo kuwa ndipo viwili hivyo hukutania, lakini hilo lilikuwa kutaja mahali pa mkutano bila kueleza unavyowezekana.

Wengine walijaribu njia za kando. Malebranche alisema Mungu ndiye anayeinua mkono kila mara mtu anapotaka kuuinua, na Spinoza alisema mwili na akili ni kitu kimoja kinachojulikana kwa njia mbili. Spinoza nitamrudia kimyakimya kuelekea mwisho.

Wakati wanafalsafa wakibishana, ajali na magonjwa yaliendelea kutoa ushahidi. Tarehe 13 Septemba 1848, katika jimbo la Vermont nchini Marekani, msimamizi wa kazi za reli aliyeitwa Phineas Gage alikuwa akishindilia baruti katika tundu la mwamba, kazi ambayo watu wa migodi wa nchi yetu wanaielewa bila kuelezwa. Baruti ililipuka kabla ya wakati, na mtaimbo wenye urefu wa zaidi ya mita 1 na uzito wa kilo 6 hivi ukaingia chini ya shavu na kutokea juu ya fuvu. Gage hakufa, aliishi hadi mwaka 1860. Lakini daktari wake aliandika kwamba mtu yule mtulivu na mwenye kutegemewa aligeuka kuwa mwenye matusi na papara, hata rafiki zake wakasema kwamba huyu si Gage tena. Mtaimbo ulipitia kwenye nyama, na kilichobadilika ni tabia.

Sisi hatuhitaji kwenda Vermont kuliona jambo hilo. Kila mzazi wa hapa anajua malaria inapopanda kichwani. Chembe za damu zenye vimelea huziba mishipa midogo ya ubongo, na mtoto aliyekuwa akicheza jana huanza kusema maneno yasiyoeleweka, kuwaita watu wasiokuwepo na kutetemeka mwili mzima. Familia nyingine hukimbilia chumba cha maombi zikiamini kwamba roho mbaya imemwingia, na saa zinazopotea huko ni saa ambazo sindano za artesunati zingeweza kumwokoa. Ninalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa nimehudhuria maziko ya watoto. Neno tunalolichagua, roho au ubongo, ndilo linaloamua gari lielekee barabara ipi usiku. Kwa upande wa akili, fahamu na hata tabia, mimi sioni tena sababu ya kutilia shaka kwamba yanategemea ubongo moja kwa moja.

Kutokana na ushahidi wa namna hiyo, mwaka 1956 U. T. Place, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Adelaide nchini Australia, alichukua hatua iliyobaki. Hakusema tu kwamba ubongo unasababisha fahamu. Alisema fahamu ni kazi ya ubongo yenyewe, kama vile radi isivyokuwa kitu kinacholetwa na mwendo wa umeme angani bali ni mwendo huohuo wa umeme. Swali la Elisabeth linatoweka hapo, kwa sababu hakuna tena viwili vya kuunganishwa.

Mfano wa radi ni mzuri, lakini Katanga tunao ulio bora zaidi. Malakiti ni jiwe la kijani. Wafua shaba wa zamani wa nchi hii, wale waliotengeneza misalaba midogo iliyotumika kama fedha, walilichoma kwa makaa katika matanuri ya udongo na kutoa ndani yake metali nyekundu. Kwa asiyejua, hilo lafanana na muujiza: kijani kimekwenda wapi, na wekundu umetoka wapi? Mwanakemia anaeleza kwamba ndani ya jiwe shaba ilikuwa imefungamana na kaboni, oksijeni na hidrojeni. Joto likatoa maji na hewa ya kaboni, makaa yakachukua oksijeni iliyobaki, shaba ikabaki peke yake. Ukishafuatilia kila atomi ilikoenda, swali limekwisha. Hakuna siri ya shaba iliyobaki pembeni ikingoja kuelezwa.

Sasa jaribu kufanya vivyo hivyo kwa kisigino cha mzee. Nyuzi za neva katika kigutu zinapeleka ishara, ishara inapita katika uti wa mgongo, inafika katika eneo la mguu kwenye ramani ya ubongo, eneo hilo linaamsha maeneo mengine, mkono unashuka. Tufuatilie kila atomi kama tulivyofanya kwa malakiti. Tukimaliza, bado mtu anaweza kuuliza bila kuwa mpumbavu: na kuwasha je? Kwa nini safari yote hiyo ya ishara isifanyike gizani, kimya, bila mtu yeyote kusikia chochote?

Leibniz aliona jambo hili mapema, mwaka 1714. Alisema tufikirie mashine yenye kufikiri na kusikia ikikuzwa hadi iwe kubwa kama kinu cha kusagia, tuweze kuingia ndani yake; tutaona sehemu zinazosukumana, na hatutaona kamwe kinachoeleza kusikia. Msomaji wa Lubumbashi anaweza kuweka kiwanda cha shaba mahali pa kinu. Ingia chini ya lile bomba refu la moshi linaloonekana kutoka kila upande wa mji, tembea kati ya matanuri, mikanda na magurudumu. Unaweza kujua kazi ya kila kifaa, na bado hutakuta mahali palipoandikwa kwamba hapa kiwanda kinaumwa.

Katika miaka ya 1960 Hilary Putnam, Mmarekani, alileta wazo ambalo lingeweza kumjibu Leibniz. Alisema tusiitazame maada, tutazame kazi. Mama anayeuza unga wa mahindi katika soko la Kenya, mtaa mwingine wa hapa Lubumbashi, akipiga hesabu ya chenji kwa vidole, mwanawe akiipiga kwa simu na karani akiipiga kwenye karatasi, wote watatu wamefanya utoaji mmoja, ijapokuwa vidole, simu na karatasi havifanani. Vivyo hivyo maumivu yangekuwa ni kazi fulani: hali inayosababishwa na kuumia, inayomfanya kiumbe ajikunyate, alalamike na ajifunze kutorudia. Chochote chenye kuifanya kazi hiyo kina maumivu, awe mtu au pweza. Wazo hili limezaa matunda mengi, na mashine zinazotafsiri lugha na kujibu maswali ni mashahidi kwamba akili, kwa maana yetu ya Kiswahili ya kupima na kukokotoa, yaweza kuishi nje ya nyama. Lakini angalia tena: limeeleza akili. Kusikia limekupita kando. Naweza kuelewa kila kazi ambayo maumivu yanaifanya, na swali la kwa nini kazi hiyo inauma likabaki palepale.

Thomas Nagel alilieleza pengo hilo mwaka 1974 kwa mfano wa popo anayejiongoza gizani kwa mwangwi wa sauti yake. Twaweza kujua kila kitu juu ya masikio na ubongo wake, na tusijue kwake mwenyewe kuwa popo kukoje. David Chalmers, katika maandishi yake ya mwaka 1995, aliliita tatizo gumu, ili kulitofautisha na matatizo mengine ya ubongo ambayo, kwa ugumu wake wote, angalau tunajua jibu lake lingefanana na nini.

Wapo wanaokubali pengo hilo kisha wakasema halina madhara. Mwaka 1874 Thomas Huxley alisema fahamu inafuatana na kazi za mwili kama filimbi ya garimoshi inavyofuatana na injini: inalia, lakini haivuti behewa hata moja. Nimekaa na fikra hii kwa muda mrefu, na ninaikataa kwa sababu ya jirani yangu. Aliponiambia kwamba kisigino kinamwasha, midomo yake ilisogea, na midomo ni mwili. Kama kuwasha hakuvuti behewa lolote, basi si kuwasha kulikomfanya aseme kunawasha. Angesema maneno yaleyale hata kama asingesikia kitu. Kwa hesabu hiyo hata makala haya, yanayohusu kusikia toka mwanzo hadi mwisho, yangekuwa yameandikwa bila kusikia kuwa na mkono ndani yake. Siwezi kuliamini jambo hilo, na sidhani kwamba Huxley aliliamini alipoumwa jino.

Huenda msomaji anangoja nimtaje Placide Tempels, na ana haki. Mmisionari huyu Mbelgiji wa shirika la Wafransisko aliishi miaka mingi kati ya Waluba wa Katanga, na mwaka 1945 kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilichapishwa kwa Kifaransa papa hapa mjini, ulipokuwa bado ukiitwa Elisabethville. Alidai kwamba kwa Wabantu kuwepo na kuwa na nguvu ni jambo moja, na kwamba mtu ni nguvu inayoweza kuongezeka au kupungua, si mwili uliobandikwa nafsi. Paulin Hountondji wa Benin alimkosoa vikali kwa kuwapa mamilioni ya watu falsafa moja ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeitia sahihi, na ukosoaji huo ni wa haki: mbuyu hauna falsafa kwa sababu umeota Afrika, na Waluba hubishana kama watu wengine. Hata hivyo, mkitoa ile "Wabantu wote", pendekezo lenyewe linastahili kupimwa kama pendekezo lingine lolote: kwamba tulikosea mwanzoni kabisa tulipokubali maada ni kitu kikavu kinachochukua nafasi tu.

Hapo ndipo ninapoelekea mimi mwenyewe. Fizikia inanieleza elektroni inafanya nini: inavuta nini, inasukuma nini, inakwenda vipi. Uzito wake ni namna ya kukataa kusogezwa, chaji yake ni namna ya kuvuta na kusukuma. Yote ni vitendo. Kinachotenda ni kitu gani ndani yake, fizikia haisemi, na Bertrand Russell alilionyesha hilo wazi katika miaka ya 1920. Sehemu moja tu ya maada ya ulimwengu tunaijua pia kwa ndani, nayo ni ubongo wa kila mmoja wetu, na tunachokikuta huko ni kusikia. Yawezekana basi kwamba ishara za neva na kule kuwasha ni jambo moja, ambalo daktari hulipima kwa nje na mzee hulisikia kwa ndani, bila daraja kuhitajika kati yao.

Sijifichi kwamba njia hii nayo ina kisiki. William James alikitaja mwaka 1890: chukua hisia 100, zichanganye na kuzibananisha upendavyo, kila moja itabaki imefungwa katika ngozi yake, na hakuna sababu yoyote iliyoonekana ya kuzaliwa hisia ya 101 iliyo ya zote kwa pamoja. Kama maada ina undani, basi undani huo umetapakaa kila mahali, na anayeitetea fikra hii kama mimi anadaiwa kueleza kwa nini ubongo wa mzee unasikia kisigino kizima kikiwasha, ilhali kiti cha mbao alichokalia, chenye kaboni na oksijeni ileile iliyomo kichwani mwake, hakisikii hata uzito wake.